Kizuri chajiuza? Dojo yangu ina wanafunzi 11, jirani mwenye bango ana 60 na kitu

#1 Mwenye Dojo
Wakuu, salaam.

Nafundisha karate, mtindo wa Shotokan, huu mwaka wa 14, ukumbi wa kukodi hapa Arusha upande wa Sakina. Sakafu ya saruji, paa la bati, kioo kimoja kirefu nilichokinunua saluni fulani ilipokuwa inafungwa. Wanafunzi wanaolipa ni 11. Wawili ni ndugu, mdogo analipa nusu.

Mwaka jana kijana mmoja kafungua darasa hatua kama mia nne kutoka kwangu. Alianza na bango, gari la matangazo Jumamosi mbili mfululizo, na maonyesho ya kuvunja mbao kwenye kijiwe cha bajaji. Leo ana watoto 60 na kitu. Nimemwona akifundisha. Sitaki kumsema vibaya, ila ngumi yake inaishia njiani na kiuno kimelala. Watoto wake wanavaa mkanda wa njano ndani ya miezi miwili.

Tumelelewa tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimekaa na kizuri changu miaka 14 na hakijajiuza. Methali ina kasoro, au changu ndicho si kizuri na hakuna aliyewahi kuniambia? Naomba majibu ya wanaoijua karate, na ya wasioijua zaidi, maana ndio wateja.

#2 Nimekaa Pale
Uzi bila picha. Tuoneshe hicho kiuno kilicholala.

#3 Chalii wa Ngarenaro
"Sitaki kumsema vibaya, ila." Mkuu umemkata pande zote mbili halafu ukafuta kisu. Naendelea kusoma.

#4 Fundi Fleksi
Mimi ndiye nachapa mabango. Dojo tatu zimepita mikononi mwangu, na zote zilitaka kitu kilekile: mtu karusha teke, Mlima Meru nyuma, moto pembeni. Mwalimu mmoja hakutaka sura yake, akaniletea picha ya Mzungu aliyoitoa mtandaoni, mguuni bado kuna maandishi ya mwenye picha. Nikamwonyesha. Akasema, "Pale ongeza moto."

Lakini nikuambie ukweli, mtoa mada. Abiria wa kifodi analiona bango sekunde tatu. Anaondoka na picha, bei na namba ya simu. Wewe una bango?

#5 Mwenye Dojo
#4, kuna ubao mlangoni. Nimeandika kwa mkono.

#6 Fundi Fleksi
Mlangoni kwa nje au kwa ndani?

#7 Mwenye Dojo
Kwa ndani. Mvua.

#8 Nimekaa Pale
😂😂 Sensei anawatangazia waliokwisha ingia.

#9 Mama Mapacha
Habari zenu. Nina watoto wawili wa miaka tisa, na mwezi wa pili nilizunguka sehemu tatu kutafuta karate au taekwondo, yoyote. Ngoja niseme nilichokiangalia, labda kitakusaidia, Mwalimu.

Kwanza choo. Cha kwanza kilikuwa na kopo na hakina kitasa. Nina mtoto wa kike, nikaaga hapohapo. Pili, wanamaliza saa ngapi. Sehemu moja wanamaliza saa moja na nusu usiku, na mimi sina gari. Tatu, mzazi anakaa wapi. Nne, mwalimu akimrekebisha mtoto wa kike anamshika wapi na kwa namna gani. Nilikaa nikatazama hilo nusu saa nzima bila kupepesa macho.

Ngumi ya nani inaishia njiani sijui, na hata ungenionyesha nisingeona.

#10 Mwenye Dojo
Shukrani, Mama Mapacha. Lakini dada yangu, si unalipia karate?

#11 Mama Mapacha
Nalipia saa moja na nusu wasiyoshika simu, na warudi wamechoka, wale, walale. Karate ikiingia humohumo nashukuru.

#12 Kyu ya Nane
Niwape ya upande wa pili. Nilikuwa mwanafunzi Moshi, ukumbi mmoja upande wa Soweto, mwalimu hodari kwelikweli. Miezi mitatu ya kwanza hatukurusha teke hata moja. Ni kiba dachi tu, ule mkao wa mpanda farasi: magoti nje, mgongo wima, unakaa kama umekalia stuli isiyokuwepo. Anakuwekea kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kila paja. Kikimwagika, mnaanza upya wote. Jasho linadondoka sehemu moja mpaka kwenye saruji panabaki duara lako, na ukija kesho unajua pa kusimama.

Tulianza 19, wakabaki wanne. Sensei alikuwa anasema waliobaki ndio wenye moyo. Mimi niliondoka wa mwisho mwisho. Moyo nilikuwa nao. Sikuwahi kuambiwa kile kikombe ni cha nini.

Nimekuja kukijua miaka sita baadaye, nikigombania daladala, jamaa kanipiga kikumbo cha bega na sikuyumba. Nikasema alaa, kumbe kikombe!

Kwa hiyo mtoa mada, bidhaa yako inaweza kuwa nzuri na mnunuzi akaondoka kabla haijaiva.

#13 Chalii wa Ngarenaro
#12 kugombania daladala umetumia kata gani, ile mipangilio ya ngumi na mateke ya kukariri?

#14 Kyu ya Nane
Heian Kiwiko.

#15 Mzee wa Kiboriloni
Vijana, methali mnaionea. Ilitungwa sokoni. Nenda Mbuyuni asubuhi: mkungu wa ndizi unautazama, unaubonyeza, unamuuliza mama umetoka Marangu au wapi, unajua. Kizuri kinajiuza kwa sababu mnunuzi ana macho ya ndizi tangu utotoni. Karate nani ana macho yake? Mgonjwa naye hajui dawa ipi ni nzuri, anaangalia koti la daktari. Huyo jirani kavaa koti.

Halafu haya mambo ya mikanda. Zamani mkanda ulikuwa mmoja, mweupe. Ulikuwa haufuliwi, jasho na vumbi vikaufanya mweusi, ndipo watu wakajua huyu kafanya mazoezi. Siku hizi unanunuliwa dukani.

#16 Msomaji wa Usiku
Meku, la ndizi nakubali, la mkanda hapana. Hiyo ya jasho ni hadithi tamu tu. Mkanda mweusi ulitokana na judo: Jigoro Kano alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, na katika miaka hiyohiyo ya 1880 wanafunzi wake wa dani, yaani ngazi za juu, wakaanza kuuvaa kama alama. Aliupanga mtu, haukuchafuka wenyewe. Karate ilikopa kwake. Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, alitoa dani za kwanza za karate mwaka 1924.

Na rangi za katikati, njano, machungwa, kijani, zilienezwa Ufaransa na Kawaishi, mwalimu wa judo wa Paris, miaka ya 1930. Mwanafunzi wa Ulaya alikuwa hawezi kukaa na mweupe miaka mitatu bila kuona amefika wapi, akampa ngazi fupifupi. Kwa hiyo mkanda wa njano wa jirani ni mbinu ya kuwabakiza watu, ina karibu miaka 100.

#17 Mkoba wa Judo
Nyongeza kwa #16: London walikuwa na mikanda ya rangi kabla yake, pale klabu ya Budokwai, miaka ya 1920. Kawaishi aliueneza mtindo, hakuwa wa kwanza.

#18 Msomaji wa Usiku
Sawa, nimepokea.

#19 Mzee wa Kiboriloni
Basi mimi wangu ulichafuka.

#20 Seremala wa Unga Limited
Nilitaka kupita kimya ila hapo kwenye kuvunja mbao naomba nichangie, kwa sababu mbao huwa nakata mimi. Simtaji mteja.

Anataka paini, inchi moja, isiyo na jicho hata moja. Jicho ni lile fundo la tawi, mkono ukigonga hapo utalia mbele za watu. Nakata kipande kifupi kwa upande wa nyuzi. Mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, kama kuni. Ukimwekea mtu kipande chenye nyuzi ndefu upande usio wake, hakipasuki hata aje nani. Halafu kipande kinaanikwa juu ya bati wiki nzima. Kikishuka ukikigonga kwa kucha kinalia kama biskuti.

Siku hiyo ya maonyesho alivunja 12. Mtoto wangu wa darasa la nne alivunja mbili nyumbani, za kujaribia.

#21 Nimekaa Pale
Mtoto apewe mkanda wa njano haraka.

#22 Mkoba wa Judo
Tusimdharau anayevunja. Hata mbao ya biskuti inataka usivute mkono dakika ya mwisho, na wengi wanavuta. Ila ni kweli haikuambii kama mtu anajua kufundisha. Ni vitu viwili.

#23 Dereva Tengeru
Mimi nampeleka mwanangu kwa mwenye bango (si huyo, mwingine) kwa sababu bango lilisema "mchezo wa Olimpiki". Nataka afike mbali.

#24 Msomaji wa Usiku
#23 ni taekwondo au karate? Taekwondo imo rasmi tangu Sydney 2000, judo tangu Tokyo 1964. Karate iliingia mara moja tu, Tokyo 2020 ile iliyochezwa 2021 kwa ajili ya korona, na Paris 2024 haikuwemo.

#25 Dereva Tengeru
Ni karate. Bango lina pete tano kubwa kuliko gurudumu la Fuso.

#26 Fundi Fleksi
Pete tano sijachapa mimi, naapa.

#27 Mkanda Uliopauka
Wakuu, mnazungumza kana kwamba matangazo yameingia juzi na Instagramu. Someni maisha ya hawahawa mnaowainamia pichani.

Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule Okinawa. Alienda Tokyo 1922 kwenye maonyesho, amevuka miaka 50, Kano akamwalika aonyeshe Kodokan. Maonyesho, wakuu, yaani lile la kijiwe cha bajaji. Akabaki Tokyo, na mwanzoni wanafunzi walikuwa wachache mno. Alilala kwenye chumba kidogo cha bweni la wanafunzi wa Okinawa, akifagia, akilinda mlango, na alimfundisha mpishi wa bweni karate ili apunguziwe bei ya chakula. Mtoa mada, wewe na mwanzilishi wa mtindo wako mmepitia ukumbi uleule mtupu.

Halafu akafanya nini? Akabadilisha majina. Kata za Pinan akaziita Heian, Kijapani kilichonyooka. Neno karate lenyewe lilikuwa likiandikwa "mkono wa China", na miaka ile China na Japani hazikuwa marafiki. Likaandikwa "mkono mtupu", matamshi yaleyale. Ngumi ni ileile, kibandiko kipya.

Na wale akina Gracie, familia ya jiu-jitsu ya Brazil, walikuwa wanatangaza gazetini kwamba anayetaka aje tupigane. Mwaka 1993 familia hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mashindano ya mapigano ya UFC pale Denver, wakamwingiza Royce, aliyekuwa mwembamba kuliko wengi, akashinda watatu usiku mmoja. Hilo ni tangazo au ni ubora? Nani anaweza kuvitenganisha?

#28 Kyu ya Nane
#27 hiyo ya mpishi nimeipenda. Ila Gracie walikuwa na kitu cha kuonyesha chenye mshindi na mshindwa. Kata haina mshindwa.

#29 Mkanda Uliopauka
Ina. Ni jirani anayetazama dirishani na kuhesabu viuno.

#30 Chalii wa Ngarenaro
Weee 😂

#31 Mwenye Dojo
Nimekubali hiyo, sina neno. Lakini Funakoshi alipobadilisha jina hakupunguza mazoezi. Ndipo ninapokwama: kila ninayemwona anatangaza anapunguza.

#32 Mzee wa Kiboriloni
Karate ya mtindo wa Goju-Ryu ilivyoshika Dar miaka ya 70 pale shule ya Zanaki haikuwa kwa bango. Kijana akirudi mtaani anatembea tofauti, wenzake wanamfuata kesho yake. Nguo yake ilikuwa ndiyo tangazo.

#33 Binti wa Rau
Kuhusu nguo, gi mnanunua wapi jamani? Ya dukani ni bei ya mbuzi.

#34 Kyu ya Nane
Soko la Memorial, Moshi, siku ya kufungua marobota. Niliokota moja nzito kama blanketi, kifuani imeshonwa maandishi ya Kijapani kwa uzi wa bluu. Nikaenda nayo mazoezini nikijiona bingwa. Sensei akaishika kola kwa vidole viwili: "Hii ya judo. Ya karate ni nyepesi, inapiga sauti. Hii ukirusha ngumi inanyamaza." Niliitumia mwaka mzima. Mpaka leo sijui kile kifua kiliandikwa nini.

#35 Mkoba wa Judo
Weka picha nikusomee. Mara nyingi ni jina la mtu au la shule yake.

#36 Kyu ya Nane
Mama aliifanya dekio.

#37 Mhasibu Njiro
Turudi kwenye mada. Mtoa mada, mnabishana watu wangapi waliingia, hakuna aliyeuliza wangapi wametoka. Miaka 14, 11 waliopo. Una daftari la kuandikisha? Hesabu majina yote tangu mwanzo, na mwezi ambao kila mmoja aliacha kulipa. Ukinijibu ndipo nitasema kama una shida ya bango.

#38 Mwenye Dojo
Daftari lipo, ni kaunta buku mbili. Nahesabu leo usiku.

#39 Mwenye Dojo
Nimehesabu mara mbili. Majina 187. Sikujua kama ni wengi hivyo. Wengine sura siikumbuki kabisa, na kuna mmoja nimeandika "mtoto wa muuza mkaa" bila jina.

Waliopita mwezi wa nne ni 41. Walioacha, wengi wameacha Januari na Julai.

#40 Mhasibu Njiro
Basi watu walikuwa wanakuja bila bango. 187 si haba kwa ubao ulio ndani ya mlango. Ndoo yako inajaa, ila chini ina tundu.

#41 Dereva Tengeru
Januari na Julai ni ada, jamani. Shule zinafunguliwa. Mzazi anakata cha kwanza kinachokatika, ni karate. Hapo hakuna tundu, ni kalenda.

#42 Kyu ya Nane
Na kabla ya mwezi wa nne ni kikombe.

#43 Mama Mapacha
Au choo. Mwalimu hajajibu choo chake kikoje.

#44 Mwenye Dojo
Choo ni cha mwenye nyumba, tunashirikiana na fundi cherehani. Kitasa kipo. Kimelegea.

#45 Mama Mapacha
Haya.

#46 Kiuno Kimelala
Habari wakuu, mgeni humu. Nadhani mnanizungumzia mimi.

Wale 60 na kitu ni kweli, wanaingia. Wanaolipa mwezi kwa mwezi ni 20 na ushee, wengine ni "mama atatuma". Gari la matangazo nililipa kwa mkopo wa kikundi, bado namalizia. Mkanda wa njano wa miezi miwili nautoa kwa sababu mtoto asipopata kitu kabla ya likizo harudi. Nimejaribu bila mkanda, nikabaki na saba.

Kiuno nitakifanyia kazi.

#47 Nimekaa Pale
Akaunti imefunguliwa leo saa 3 usiku, ujumbe mmoja. Karibu, mkuu. Picha?

#48 Chalii wa Ngarenaro
Mimi hapa namheshimu ghafla. Saba kwake, 11 kule.

#49 Msomaji wa Usiku
#46 swali moja: huo wa njano unawaambia wazazi ni nini? Ukisema ni ngazi ya mwanzo, sawa. Ukisema mtoto anajua kujilinda, siku atakapoamini akasimama mbele ya mtu mzima usiku, hilo halirekebishwi na kiuno.

#50 Kiuno Kimelala
Nasema ni ngazi. Wazazi wanasikia wanachotaka kusikia. Na kwenye bango imeandikwa "jilinde".

#51 Fundi Fleksi
Hilo la "jilinde" nilichapa mimi. Alilipia herufi kubwa.

#52 Mkanda Uliopauka
Mwenye Dojo, wewe ungemfundisha huyu kiuno, naye akufundishe kutoa ubao nje?

#53 Mwenye Dojo
Sijui. Mwanafunzi wangu wa mkanda wa kahawia amefika hapo kwa miaka saba. Leo aje kusimama kwenye mstari mmoja na watoto wa miezi miwili waliofungwa njano, nitamwambia nini? Bado nalifikiria. Sijakataa.

#54 Mzee wa Kiboriloni
Mwambie awape vikombe.

#55 Mhasibu Njiro
Mimi bado nasema tundu.

#56 Dereva Tengeru
Kalenda.

#57 Binti wa Rau
Jamani, hakuna aliyesema kwamba vijana sasa wanataka ngumi na mateke ya ulingoni, si kata? Mdogo wangu anasema karate ni ya watoto. Kwake shida ni mchezo wenyewe, si bango wala ndoo.

#58 Mkoba wa Judo
Hiyo ifungulie uzi wake, hapa tutakesha.

#59 Mwenye Dojo
Wakuu, mrejesho mfupi. Jumamosi nimetoa ubao nje, nimeukingia mfuko wa nailoni. Kitasa nimebadilisha. Wamekuja watu watano kutazama, mama mmoja alienda chooni kwanza kabla hajanisalimia, nikajua ni nani. Karibu tena, dada.

Kuna mtu alikaa kwenye benchi la nyuma mpaka mwisho, akaondoka bila kusema kitu, akasahau kandambili ya bluu, mguu mmoja, kamba imefungwa kwa waya. Mwenyewe ajitokeze.

#60 Nimekaa Pale
Aliondokaje na mguu mmoja?

#61 Chalii wa Ngarenaro
Ni ya kulia au ya kushoto?

#62 Mwenye Dojo
Kulia.

#63 Chalii wa Ngarenaro
Nauliza tu.